Safu ya Vitabu: Wasanii, wanamichezo na nyumba walizotoka

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza mambo yanayokaribiana. Wasomaji wanataka vitabu vya maisha ya kweli, si riwaya, vinavyohusu waimbaji, wachezaji na maisha ya familia. Nimechagua barua chache, nikatanguliza ile iliyonipa kazi kubwa kuliko zote.

SWALI: Ndugu mshauri, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu. Kijana wangu wa kidato cha tatu hana habari nyingine isipokuwa mpira, dada yake anaimba kwaya na anajua kila wimbo unaopigwa redioni, na mdogo wao wa darasa la tano husikiliza chochote kinachosomwa kwa sauti. Jioni, hasa umeme unapokatika, mke wangu na mimi tungependa kusoma nao kitabu kimoja ambacho hakitawachosha wala hakitatuaibisha mbele yao. Kiswahili tunakisoma vizuri, Kiingereza tunakisoma kwa kujikongoja. Tuanzie wapi?
Baba wa watatu, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Anzeni na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba, Kiswahili chake kimeandikwa kama cha mtu aliyekusudia kisomwe kwa sauti, na habari yake itamshika binti yako tangu mwanzo. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na yeye mwenyewe alichukua vyungu akaenda kuvitembeza, akiita wanunuzi kwa sauti ambayo baadaye ingemtoa kijijini na kumpeleka mjini, na mwaka 1928 kumvusha bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950. Someni taratibu kurasa zinazohusu utoto wake na biashara ile ya vyungu, kwa sababu hapo ndipo msomaji anapoona sauti ilivyozaliwa katika kazi ya nyumbani kabla haijawa sanaa ya kulipiwa. Ninakutahadharisha jambo moja tu. Shaaban Robert ana desturi ya kumsifu mtu kuliko kumhoji, kwa hiyo mkifika mahali ambapo Siti anaonekana hana kasoro hata moja, waacheni watoto waulize maswali ambayo mwandishi hakuuliza.

Cha pili kiwe Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha mwandishi huyohuyo, na kwa familia ya Dodoma kina utamu wa ziada. Shaaban Robert, mtu wa Tanga na mwajiriwa wa serikali ya kikoloni, alihamishwa katika miaka ya 1940 kutoka pwani hadi Mpwapwa, akafanye kazi katika idara iliyoshughulikia wanyama. Watoto wako wanaoijua Mpwapwa kama stendi ya mabasi na milima wataiona kwa macho ya mtu wa pwani aliyefika huko mbali na jamaa zake. Hata hivyo, uzito wa kitabu hauko safarini. Uko katika kifo cha mkewe Amina, na katika tenzi mbili alizowaandikia watoto wake, Hati kwa binti yake Mwanjaa na Adili kwa mwanawe Suleiman. Hizi someni kwa zamu, ubeti mmoja mmoja, binti asome za Mwanjaa na kijana asome za Suleiman. Baadhi ya nasaha kwa binti zitawafanya mbishane mezani, hasa zile zinazomweleza mke jinsi ya kuishi na mume. Msiziruke. Baba aliyeandika miaka ya 1940 hawezi kusema kama baba wa leo, na vijana wana haki ya kulisikia hilo likijadiliwa na wazazi wao wenyewe.

Kwa kijana wa mpira, jikongojeni na kitabu kimoja cha Kiingereza, Fever Pitch cha Nick Hornby, kilichotoka mwaka 1992. Mwandishi si mchezaji, ni shabiki wa Arsenal, na nasikia mashabiki wa namna hiyo si wachache Nkuhungu. Wazazi wake walikuwa wametengana, na baba yake, aliyekuwa hajui akutane na mtoto wa miaka kumi na moja wapi siku ya Jumamosi, akampeleka uwanjani mwaka 1968 kuwatazama Arsenal wakicheza na Stoke City. Kuanzia hapo kila sura inabeba jina la mechi na tarehe yake, lakini chini ya matokeo kuna habari ya mtoto na baba waliopata la kuzungumza kwa sababu tu kulikuwa na mpira mbele yao. Kwa kuwa sura ni fupi, kijana anaweza kusoma moja kwa jioni na kuwaeleza wengine kwa Kiswahili alichokielewa, na zoezi hilo litamfaa kuliko tuisheni nyingi ninazozijua. Lugha ya majukwaani ipo humo, na matusi yake mengine. Yeye keshayasikia uwanja wa Jamhuri, ila mdogo wake wa darasa la tano asipewe.

Vitabu vya Shaaban Robert vimechapishwa upya na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, na kabla hujanunua, pita kwanza Maktaba ya Mkoa ukaulize.

SWALI: Shikamoo, mshauri. Mimi ni Mpare wa Same, ninafanya kazi Mtumba, na Mungu akipenda nitaolewa mwaka huu katika familia ya Kigogo ya Ihumwa. Wakwe zangu ni watu wema lakini mambo mengi yanasemwa juu juu, nami naona haya kuuliza kila kitu. Je, kuna kitabu kinachoeleza maisha ya familia ya Kigogo ambacho naweza kukisoma kimya kimya?
Bibi harusi mtarajiwa

JIBU: Hongera, binti yangu. Kitabu unachokitafuta kiliandikwa na mtu wa Ihumwa hiyohiyo. Mathias Mnyampala alizaliwa huko mwaka 1917, akawa karani, kisha hakimu, na nchi nzima ikamjua kwa mashairi na kwa ngonjera, mtindo ambao shule zetu ziliukumbatia baada ya Uhuru. Mwaka 1954 alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Usikate tamaa utakapokutana na kurasa nyingi za koo, watawala na kila ukoo ulikotoka, maana kwa mtu anayeolewa hizo si porojo za kale. Siku wazee watakapokaa kutambulishana, jina la ukoo wa mume wako ndilo litakalotajwa kwanza, na utafurahi kuwa ulikwisha kulisoma. Nakala za Kiswahili za wakati ule hazipatikani kirahisi. Ukishindwa kabisa, ipo tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa na mwanahistoria Gregory Maddox mwaka 1995, nayo ina utangulizi mzuri juu ya Mnyampala mwenyewe.

Kwa kuwa unafanya kazi ofisini na bila shaka Kiingereza si tatizo, nakuongezea Cattle and Kinship among the Gogo cha Peter Rigby, cha mwaka 1969. Ni kitabu cha kitaalamu, kikavu mahali pengi, chenye michoro ya ukoo inayochosha macho. Lakini Rigby aliishi Ugogoni mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kulielewa jambo ambalo mgeni hulipuuza: katika nchi ambayo mvua haiaminiki na watu walihama mara kwa mara, ng'ombe ndio waliowafunga watu pamoja. Mahari hayakutoka mfukoni mwa bwana harusi peke yake. Yalichangwa na ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama, na yalipofika kwa wazazi wa binti yaligawanywa vilevile kwa pande zote mbili. Ukilielewa hilo hutashangaa mjomba wa mumeo anapokuwa na neno zito kwenye kikao, wala hutamwona kuwa mtu anayejiingiza yasiyomhusu.

Tafadhali usiende ukweni na vitabu hivi kama mtu aliyeshika katiba. Kimoja kina miaka sabini, kingine zaidi ya hamsini, na familia za Ihumwa sasa zina wafanyakazi wa serikali, wachungaji na madereva wa bodaboda, kila nyumba ikiwa imeacha hili na kushika lile. Vitumie upate la kuuliza. Ukimwambia mama mkwe kwamba umesoma kuwa zamani ilikuwa hivi na unataka kujua kwao ilikuwaje, nadhani haya itakuwa imekwisha, na yeye ndiye atakayezungumza jioni nzima.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari wilayani Mpwapwa. Wanafunzi wangu wanakimbia vizuri lakini wanawajua Wakenya na Waethiopia tu. Ninaomba kitabu cha mwanariadha wa Tanzania.
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Mwalimu, kipo cha Filbert Bayi, kiitwacho Catch Me If You Can, alichokiandika pamoja na Myles Schrag na kutolewa mwaka 2022. Kwa bahati mbaya ni cha Kiingereza, lakini mwalimu anaweza kukisimulia kwa Kiswahili kabla ya mazoezi, ukurasa au mbili kila siku. Wapeni wanafunzi kwanza mbio za Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakati huo wakimbiaji wengi wa umbali huo walikaa kundini wakiviziana hadi mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akabaki mbele, na alipomaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2 rekodi ya dunia ilikuwa yake, huku John Walker wa New Zealand, aliyekuwa nyuma yake, naye akiwa ameshuka chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata alivunja rekodi ya maili akiwa Kingston, Jamaika. Mwaka 1976 mataifa ya Afrika yaligomea Olimpiki ya Montreal, na pambano lake na Walker ambalo dunia nzima ililingojea halikufanyika. Sehemu hii ifundishwe hata katika somo la uraia, kwani mwanafunzi ataona jinsi uamuzi wa mataifa unavyoingia katika miguu ya kijana mmoja. Kitabu kinaendelea hadi kwenye shule ambazo yeye na mkewe walizianzisha, na binafsi nakipenda zaidi kinapofika huko.

Usisahau kuwaambia kuwa Juma Ikangaa ni mzaliwa wa Dodoma. Aliibuka mshindi wa mbio za marathoni za New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na huko Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, mara ya kwanza akizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Waambie pia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Watoto wengi wa darasani kwako wana babu anayezikumbuka habari hizi kwa kuzisikiliza redioni, basi watumwe kuuliza.

SWALI: Mshauri, mwanangu ana miaka tisa na anacheza mpira vizuri sana. Baba yake amemfanya kuwa mradi: saa kumi na moja alfajiri wako uwanjani, jioni tena, na mtoto ameanza kulia akiambiwa avae viatu. Nikisema, naambiwa sijui mpira. Nipe kitabu nimwekee mezani.
Mama wa Kongwa

JIBU: Pole, mama. Mwekee Open cha Andre Agassi, bingwa wa tenisi wa Marekani, kilichotoka mwaka 2009. Baba yake, aliyehamia Marekani kutoka Iran na aliyekuwa bondia wa Olimpiki mwaka 1948 na 1952, alitengeneza nyuma ya nyumba mashine ya kurusha mipira ambayo mtoto aliiita dragoni. Hesabu ya baba ilikuwa rahisi: mipira 2,500 kwa siku ni 17,500 kwa wiki, na kwa mwaka inakaribia milioni moja, na mtoto anayepiga mipira milioni moja kwa mwaka hawezi kushindwa na mtu. Na kweli Agassi hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, kwani alitwaa mataji manane makubwa. Lakini mtu huyohuyo anakiri tangu kurasa za mwanzo kwamba aliuchukia mchezo huo, na hakuacha kuuchukia.

Kitabu hiki kinafaa kwa mumeo kwa sababu hakimtukani baba. Agassi anamwonyesha kuwa mtu aliyempenda mwanawe na asiyejua njia nyingine ya kumpenda. Kama mzee hana subira ya kusoma Kiingereza kirefu, msomee wewe ile sura ya mashine ya mipira peke yake, usiongeze neno. Na viatu vya mtoto vipumzike walau Jumapili.

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mstaafu wa Reli, mpenzi wa muziki wa dansi tangu enzi za NUTA Jazz. Naona vitabu vya viongozi kila duka. Vya wanamuziki wetu viko wapi?
Mzee wa Kikuyu, Dodoma

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Malalamiko yako ni ya haki. Viongozi wetu wameandika, na Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi hata alituandikia kwa Kiswahili, lakini mtu aliyetuchezesha kila Jumamosi kwa miaka thelathini mara nyingi alizikwa na habari zake. Hata hivyo kipo kitabu kimoja kinachokuhusu moja kwa moja. Frank Gunderson, mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, alitoa mwaka 2018 kitabu juu ya Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka, chenye maneno Rhumba Kiserebuka kwenye jina lake. Humo utakutana na NUTA, Mlimani Park na makundi mengine uliyoyapenda, na zaidi utaona jinsi bendi zilivyomilikiwa na vyama vya wafanyakazi na mashirika, mwanamuziki akilipwa mshahara kama karani, kwa hiyo kuhama bendi lilikuwa jambo la kuhama ajira na mara nyingine la kutikisa nyumba. Gurumo alifariki mwaka 2014, na ni bahati kwamba aliulizwa mapema. Kitabu kingine, Performing the Nation cha Kelly Askew, kinahusu zaidi Tanga, taarabu na siasa ya utamaduni. Ni kizuri lakini ni kigumu, mpe mjukuu aliyeko chuo kikuu akusimulie.

Kwa upande wa Ugogo, Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, alikuwa mwanamuziki ambaye bendi yake ilikuwa familia yake, kwani alipiga na kuimba pamoja na ndugu na watoto wake. Kwake nakushauri usikilize kwanza kabla ya kusoma. Albamu iitwayo Chibite ya mwaka 1996 inatosha kuanzia.

SWALI: Ndugu mshauri, rafiki yangu anasema vitabu vya wasanii na wachezaji huandikwa na watu wa kuajiriwa, kwa hiyo ni uongo mtupu. Ni kweli?
Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma

JIBU: Nusu ya kwanza mara nyingi ni kweli, nusu ya pili haifuati. Mchezaji anajua kucheza, na hakuna aibu yoyote akimtafuta anayejua kuandika. Miriam Makeba aliandika maisha yake pamoja na James Hall mwaka 1987, na hakuna mwandishi wa kuajiriwa angeweza kubuni mwanzo wa kitabu kile: mtoto wa siku kumi na nane anayeingia gerezani na mama yake kwa miezi sita kwa sababu mama aliuza pombe ya kienyeji.

Hatari ipo mahali pengine. The Greatest cha Muhammad Ali, kilichoandikwa pamoja na Richard Durham mwaka 1975, kinasimulia kwamba Ali aliitupa mtoni medali yake ya dhahabu ya Olimpiki ya Roma baada ya kubaguliwa mgahawani. Ni kisa kizuri mno, na watu wa karibu naye walikuja kukikana, wakisema medali ilipotea tu. Mimi bado nakipendekeza kitabu hicho, kwa sababu ubaguzi aliokutana nao mjini kwao Louisville ulikuwa wa kweli hata kama medali haikwenda mtoni. Lakini ukikiona kisa kinachofaa kupita kiasi kuwa sinema, kilinganishe na kitabu cha mtu mwingine, na kwa Ali kipo King of the World cha David Remnick.

Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa shukrani usome mwandishi anamshukuru nani na kwa kazi gani. J. R. Moehringer, aliyemsaidia Agassi, hakutaka jina lake liwekwe kwenye jalada la Open, lakini ukienda mwishoni mwa kitabu utamkuta Agassi mwenyewe akimtaja na kueleza alichofanya.